Albamu za jazi mlizonunua zikawavunja moyo: tatizo lilikuwa wapi?

Sikio la Jioni

Habari zenu, ndugu wapenzi wa jazi.

Nina swali ambalo limekuwa likinisumbua tangu niliponunua santuri ya mpiga saksafoni John Coltrane iitwayo Infinity. Niliichagua kwa kuliamini jina lililo kwenye jalada, na kwa kuwa nilikuwa nimezipenda sana kazi zake za mwaka 1965, nilitarajia kulisikia kundi lake likipiga kwa moto uleule: saksafoni, piano, besi na ngoma, pasipo kitu kingine kusimama kati yake na msikilizaji. Nilichokisikia ni ala nyingi za nyuzi zikiingia na kutoka juu ya muziki ambao, kwa sikio langu, haukupigwa kwa kuzisubiri ala hizo. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba mikanda ya msingi ilirekodiwa mwaka 1965 na 1966, kwamba Coltrane alifariki Julai 1967, na kwamba mjane wake Alice Coltrane, aliyekuwa mpiga piano katika kundi lake la mwisho, ndiye aliyeongeza nyuzi na ala nyingine kabla ya albamu kutolewa mwaka 1972. Hata besi ya Charlie Haden imo, ingawa siku za kurekodi mikanda ile mpiga besi alikuwa Jimmy Garrison.

Simshutumu Alice. Alikuwa mwanamuziki mwenye maono yake, alimfahamu mumewe kuliko sisi sote, na kazi alizozitoa kwa jina lake mwenyewe naziheshimu sana. Jambo linalonitatiza ni lingine: mnunuzi anapovunjika moyo, ni nini hasa kilichomvunja moyo? Je, ni muziki wenyewe? Ni namna ulivyoshughulikiwa baada ya wanamuziki kuondoka studio? Ni ubora wa chapa ya santuri iliyomfikia? Au ni ahadi ambayo jalada liliitoa na kilichomo ndani hakikuitimiza? Naona mambo haya manne huchanganywa kila mara, na mtu huishia kusema tu kwamba albamu fulani ni mbaya, kumbe ilikuwa na kasoro ya namna moja ambayo chapa nyingine haina.

Ningependa mnitajie albamu zilizowavunja moyo, lakini tafadhali mweleze sababu kwa undani, na kama mliendelea kuzisikiliza, mseme mlisikia nini baadaye. Majibu ya kusema tu kwamba mtu hampendi mwanamuziki fulani hayatanisaidia, kwa sababu hilo ni suala la ladha na kila mtu ana yake.

Kabati la Santuri

Ndugu Sikio la Jioni, mimi nitaanza na jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita: tarehe. Albamu ya jazi ina tarehe mbili, ya kurekodiwa na ya kutolewa, na mara nyingi majalada ya zamani hayakuitaja ile ya kwanza kabisa. Mfano mzuri uko kwa Coltrane huyohuyo. Katika miaka ya 1957 na 1958 aliirekodia kampuni ya Prestige muziki mwingi sana, kisha akahamia Atlantic, na baadaye Impulse. Prestige wakaendelea kuitoa mikanda ile kidogo kidogo kwa miaka mingi baada ya yeye kuondoka. Black Pearls, iliyorekodiwa Mei 1958, ilitoka mwaka 1964. Bahia, ambayo nayo ilirekodiwa 1958, ikatoka mwaka 1965. Sasa mfikirie msikilizaji wa mwaka huo ambaye ameshaisikia A Love Supreme, iliyotoka Januari, halafu anaikuta dukani albamu nyingine ya Coltrane iliyotoka mwaka huohuo na kudhani kwamba ni hatua inayofuata. Anarudishwa nyuma miaka saba bila kuambiwa. Muziki wa Black Pearls si mbaya hata kidogo, kwani wamo Donald Byrd, Red Garland, Paul Chambers na Art Taylor, na kwa anayependa jazi ya miaka ile ni karamu. Tatizo ni kwamba inahukumiwa kwa kipimo cha miaka ambayo haikuwa imefika iliporekodiwa.

Baada ya tarehe, mimi huitazama ile kauli ya kwamba albamu imerekodiwa mbele ya watazamaji. Hapo pana mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Mercy, Mercy, Mercy! ya Cannonball Adderley ilitolewa ikiwa na maelezo kwamba ilirekodiwa katika klabu moja ya Chicago. Ukweli ni kwamba ilirekodiwa mwaka 1966 katika studio ya kampuni ya Capitol huko Los Angeles, mbele ya watu walioalikwa na kupewa vinywaji. Shangwe unazozisikia ni za watu halisi waliokuwapo, na kundi lilipiga kwa furaha ya kweli, kwa hiyo mimi sikupoteza chochote nilipolijua hilo. Smokin' at the Half Note ya Wes Montgomery na Wynton Kelly ni kisa kingine: katika santuri ya mwanzo, nyimbo mbili tu ndizo zilizopigwa katika klabu ya Half Note mwaka 1965, na tatu zilizobaki zilirekodiwa baadaye mwaka huohuo katika studio ya Rudy Van Gelder. Ukisikiliza kwa makini unaisikia hewa ya chumba ikibadilika.

Kisa kinachofanana zaidi na chako ni mikanda mingine ya usiku zile za Half Note. Montgomery alifariki mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatoka albamu iitwayo Willow Weep for Me, ambayo ndani yake mapigo yake ya klabuni yamefunikwa kwa okestra iliyopangwa na Claus Ogerman. Mpangaji huyu alikuwa fundi wa hali ya juu, lakini gitaa la Montgomery usiku ule lilikuwa likizungumza na piano ya Kelly, besi ya Paul Chambers na ngoma za Jimmy Cobb, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyofunikwa. Baadaye nyimbo zilezile zilitolewa bila nyongeza hizo. Mtu akiyasikia matoleo yote mawili kwa kufuatana, atatambua mwenyewe ni kiasi gani cha kazi ya Cobb kilikuwa kimepotea.

Hata hivyo, albamu iliyonifundisha mengi kuliko zote ni Ellington at Newport, na naomba niieleze kwa kirefu kwa sababu inaligusa swali lako moja kwa moja. Usiku wa tarehe 7 Julai 1956, Duke Ellington na bendi yake walipiga katika tamasha la Newport, na katikati ya Diminuendo and Crescendo in Blue, Paul Gonsalves akapiga solo ya mizunguko 27 ya bluzi hadi watu wakasimama na kucheza. Jina la Ellington, ambalo wakati huo lilikuwa limeanza kufifia, likarudi juu. Lakini Gonsalves alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni ya redio ya Sauti ya Amerika, si ile ya kampuni ya Columbia iliyokuwa ikirekodi kwa ajili ya santuri, hivyo katika albamu saksafoni yake inasikika kama inatoka nyuma ya jukwaa. Tena Ellington hakuridhika na jinsi baadhi ya vipande vilivyopigwa, kwa hiyo bendi iliingia studio siku chache baadaye ikavirudia, na shangwe zikaongezwa. Watu waliinunua na kuipenda albamu hiyo kwa miongo minne. Mwaka 1996 mikanda ya ile redio ikapatikana, na mwaka 1999 ikatoka CD mbili ambamo rekodi mbili za mono (sauti ya njia moja), ya redio na ya Columbia, ziliwekwa pamoja ili kupata stirio (sauti ya njia mbili, kushoto na kulia), na Gonsalves akasikika waziwazi kwa mara ya kwanza.

Nilipoyajua hayo nilivunjika moyo kwa albamu ambayo nilikuwa nimeipenda bila kasoro yoyote, jambo ambalo bado nalitafakari. Sauti iliyokuwa kwenye santuri yangu haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kile nilichokuwa nikikiamini kuihusu. Sasa nina matoleo yote mawili, na ninalolichukua mara nyingi ni lile la 1999, hata pale bendi inapojikwaa, kwa kuwa kujikwaa kule kulitokea kweli mbele ya watu.

Mwanagenzi wa Besi

Nakubaliana na mengi aliyoyasema Kabati la Santuri, lakini naona mjadala unaweza kuelemea upande mmoja, kana kwamba kila kuvunjika moyo kuna sababu iliyojificha kwenye mikanda. Ziko albamu ambazo hazikughushiwa wala kufunikwa, na bado zinamvunja moyo mtu kwa sababu ni ngumu. Ascension ya Coltrane, iliyorekodiwa tarehe 28 Juni 1965, ina wanamuziki kumi na mmoja wanaopiga kwa takriban dakika arobaini bila kupumzika, na hakuna jalada liwezalo kumwandaa mtu kwa hilo. Mimi naiona kuwa miongoni mwa kazi kubwa za karne iliyopita, ila sikuweza kuisikiliza yote kwa kikao kimoja hadi nilipoacha kuusaka wimbo ndani yake, nikaanza kufuata jinsi kundi zima linavyojaa baada ya kila solo kisha linavyojikunja tena kumpisha anayefuata.

Ajabu ni kwamba hata hiyo ina kisa cha kibiashara. Ilipigwa mara mbili siku ile. Toleo la kwanza lilipokuwa limeshaanza kuuzwa, Coltrane akataka la pili ndilo litumike, na kampuni ikabadilisha muziki bila kubadilisha namba ya santuri. Alama pekee ya kulitambua la pili ilichorwa pembezoni mwa lebo, mahali ambapo sindano humalizia safari yake. Wasikilizaji wawili waliweza kuwa na jalada lilelile na kubishana kuhusu solo ya ngoma ya Elvin Jones, mmoja akiisifu na mwingine akiapa kwamba haipo, na wote wawili wakawa wanasema kweli, kwa kuwa ipo katika la kwanza na katika la pili haimo.

Kuhusu Infinity, ningekushauri uisikilize mara moja baada ya Universal Consciousness, albamu ya Alice ya mwaka 1971, ambamo mpiga saksafoni Ornette Coleman alisaidia kuandaa sehemu za fidla. Ukitoka huko, nyuzi za Infinity hazitakuwa tena wageni waliovamia kundi la Coltrane, bali utazitambua kuwa ni lugha ambayo Alice alikuwa ameshaijenga kikamilifu. Kwa maoni yangu, jina moja kwenye jalada halikutosha. Majina mawili yangemtendea haki kila mmoja wao, na mnunuzi pia.

Fundi wa Mitambo

Ndugu zangu, nimewahi kufanya kazi ya kuhamisha sauti kutoka mikanda ya zamani, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa chapa, ambao Sikio la Jioni ameutaja na hakuna aliyeugusa bado.

Nianze na albamu ambayo karibu kila mpenzi wa jazi anayo, Kind of Blue ya Miles Davis. Siku ya kwanza ya kurekodi, tarehe 2 Machi 1959, mashine kuu ya studio ilikuwa ikizunguka polepole kidogo kuliko ipasavyo. Mkanda uliorekodiwa kwa mwendo wa polepole ukipigwa kwenye mashine yenye mwendo sahihi, muziki hukimbia kidogo na sauti zote hupanda. Kwa hiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza, yaani So What, Freddie Freeloader na Blue in Green, ziliuzwa duniani kote zikiwa juu ya kimo chake halisi kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi zilipoanza kusahihishwa mwaka 1992 kwa kutumia mkanda wa mashine ya akiba, ambayo mwendo wake ulikuwa sawa. Msikilizaji wa kawaida hasikii kasoro yoyote. Mwanafunzi wa piano au tarumbeta anayejaribu kupiga pamoja na santuri ya zamani, yeye atajiona hafai, kwa maana kila noti yake itakuwa chini kidogo ya ile anayoisikia, wakati ala yake imesawazishwa vizuri kabisa. Kwa mtu kama huyo, kuvunjika moyo ni kwa kweli, na kunatibika kwa kununua chapa nyingine.

Jambo la pili ni stirio ya kutengeneza. Stirio ilipoenea, kampuni nyingi zilichukua rekodi za mono za miaka ya nyuma na kuzigawa kwa mitambo: sauti nyembamba zikapelekwa zaidi upande mmoja, sauti nzito upande wa pili, na wakati mwingine upande mmoja ukacheleweshwa kidogo au ukaongezewa mwangwi. Matokeo yake ni saksafoni inayoelea pasipo mahali, na besi iliyopoteza mwili. Nimewasikia watu wakisema kwamba rekodi za mpiga saksafoni Charlie Parker zina sauti mbaya mno kusikilizika, na nilipowauliza chapa waliyo nayo, ikawa ni ya aina hiyo. Jalada likieleza kwamba stirio ilipatikana kwa njia ya kielektroniki kutokana na mono, mimi huirudisha rafuni bila kusita, kwani mono iliyo safi huwa na nguvu ambayo mgawanyo huo wa bandia hauwezi kuirudisha.

La tatu linawahusu wanaonunua santuri mpya za muziki wa zamani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, ulinzi wa kisheria wa rekodi ulikuwa wa miaka 50, na ulipoongezwa hadi 70 mwaka 2013, rekodi ambazo muda wake ulikuwa umeshakwisha hazikurudishiwa ulinzi. Kwa hiyo jazi nyingi iliyotoka kabla ya 1963 inaweza kuchapwa huko na kampuni yoyote bila kuugusa mkanda wa asili. Baadhi hufanya kazi nzuri. Nyingine huchukua tu CD iliyopo sokoni, wakaihamishia kwenye santuri nzito yenye jalada la kupendeza, na mnunuzi akalipia santuri ili asikie CD. Nilipata kununua chapa ya namna hiyo ya albamu ya mpiga saksafoni ninayempenda, na sauti yake ilikuwa imebanwa kiasi kwamba mapigo ya sauti ya chini na ya sauti ya juu yalikuwa na ukubwa uleule. Tangu hapo huangalia kama jalada linasema mkanda gani ulitumika na nani aliyetayarisha sauti kwa ajili ya kuchapwa. Lisiposema, mara nyingi kuna sababu ya kutosema.

Niongeze moja ambalo halitokani na chapa bali na vyombo vya msikilizaji. Free Jazz ya Ornette Coleman, iliyorekodiwa tarehe 21 Desemba 1960, ina makundi mawili ya watu wanne wanne yanayopiga kwa wakati mmoja. Coleman, Don Cherry, Scott LaFaro na Billy Higgins wamewekwa upande wa kushoto. Eric Dolphy, Freddie Hubbard, Charlie Haden na Ed Blackwell upande wa kulia. Mtu anayeisikiliza kwa spika moja ndogo husikia msongamano, na si ajabu akaichukia. Mpe spika mbili zilizotenganishwa vizuri, atawasikia wapiga besi wawili wakijibizana kutoka pande mbili za chumba, LaFaro akipanda juu kwa kasi huku Haden akishikilia chini, na zile dakika 37 zitakuwa na sura nyingine kabisa.

Sikio la Jioni

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimeisikiliza Infinity tena kwa mpangilio alioupendekeza Mwanagenzi wa Besi, na ingawa bado natamani kuwe na njia ya kuzisikia saksafoni peke yake, nimeweza kwa mara ya kwanza kuufuata mwendo wa nyuzi pasipo kuzipinga. Nadhani nimepata jibu kwa upande wangu: kilichoniudhi ni jalada, wala si Alice.

Hata hivyo, majibu yenu yameniletea swali jingine. Kama nyongeza na uhariri vinaweza kuuharibu muziki, inaonekana dawa ni kununua yale makasha makubwa yenye kila kitu, ambamo kila jaribio lililorekodiwa limewekwa kama lilivyo. Nimekuwa nikilitazama moja la Charlie Parker kwa muda mrefu na bei yake si ndogo. Je, makasha hayo nayo huwavunja watu moyo?

Kabati la Santuri

Huwavunja moyo, na wakati mwingine kuliko albamu moja moja, kwa sababu gharama ni kubwa na matarajio pia. Inategemea ni kasha lipi. Kama ni lile la rekodi za Dean Benedetti, lililotolewa na kampuni ya Mosaic mwaka 1990 likiwa na CD saba, yapasa ujue kabla ya kulipa kwamba Benedetti, aliyekuwa akimfuata Parker klabuni katika miaka ya 1947 na 1948, aliwasha mashine yake Parker alipoanza kupiga na kuizima alipomaliza. Utasikia solo moja inakatika, kisha nyingine inaanza katikati, kwa saa nyingi, huku wanamuziki wengine wakitoweka kila wanapofikiwa na zamu yao, na sauti yenyewe ni hafifu. Kwa mtu anayesoma namna Parker alivyofikiri usiku hadi usiku, hiyo ni hazina isiyo na kifani. Kwa mtu anayetaka kukaa na kufurahia muziki, ni kazi nzito, na sitashangaa akiliuza baada ya wiki.

Daftari la Nota

Naomba nichangie hapo, kwa sababu suala la majaribio yaliyorudiwa nalijali sana. Kampuni nyingi zilipohamisha albamu za zamani kwenye CD zilijaza nafasi iliyobaki kwa kuweka jaribio la pili, la tatu na hata la nne la wimbo uleule, mara nyingine papo hapo baada ya lile lililochaguliwa. Albamu iliyopangwa na wanamuziki pamoja na mtayarishaji wao kwa mpangilio maalumu, wimbo wa haraka kisha wa taratibu, inageuka kuwa utangulizi uleule unaosikika mara tatu. Nimekutana na watu walioacha kuwasikiliza wanamuziki wakubwa kwa sababu hiyo tu, na naliona kuwa jambo la kusikitisha, kwani mwanamuziki mwenyewe hakukusudia wasikilize hivyo.

Lakini yapo makasha kamili yaliyo tofauti kabisa. Mpiga piano Bill Evans, mpiga besi Scott LaFaro na mpiga ngoma Paul Motian walipiga katika klabu ya Village Vanguard tarehe 25 Juni 1961, mchana na usiku, na kutokana na siku hiyo moja zikatoka Sunday at the Village Vanguard na Waltz for Debby. LaFaro alifariki kwa ajali ya gari siku kumi na moja baadaye, na albamu ya kwanza ikapangwa makusudi ili imwoneshe yeye. Mwaka 2005 siku nzima ilitolewa kwa mfuatano wake katika CD tatu. Pigo la kwanza la wimbo wa Gloria's Step lina mahali ambapo umeme ulikatika na muziki ukapotea kwa muda mfupi, kisha unaendelea. Nyimbo zinarudiwa, lakini zinarudiwa kwa kuwa ni awamu nyingine mbele ya watu wengine waliokuwa wakinywa na kuzungumza, na Motian hapigi mapatu yake kwa namna ileile mara mbili. Yeyote anayezipenda zile albamu mbili hatajuta kulinunua toleo hilo. Anayeanza, ningemwambia anunue Waltz for Debby peke yake, akae nayo.

Kwa Parker, ndugu Sikio la Jioni, ningekushauri uliache kasha kwa sasa na utafute mkusanyiko mdogo wa mapigo yaliyochaguliwa ya kampuni za Savoy na Dial ya miaka ya 1945 hadi 1948, ulio katika mono, usio na marudio, na unaotaja waliopiga katika kila wimbo pamoja na tarehe yake. Kila wimbo ni wa dakika tatu hivi, kwa kuwa ndivyo santuri za wakati ule zilivyobeba, na Parker aliweza kusema ndani ya nusu dakika jambo ambalo wengine walihitaji upande mzima kulisema. Ukishazoea mapigo hayo kiasi cha kuweza kuyaimba, hapo ndipo majaribio yaliyoachwa yatakuwa na maana kwako, maana utajua ni wapi alipogeuka akaenda njia nyingine.